Bei ya jina: Simbu, Zawose na soko la umaarufu Kanda ya Kati

Aprili 2025 Alphonce Simbu alimaliza wa pili kwenye mbio za Boston kwa muda wa saa 2:05:04. Zawadi ya nafasi ile ni dola 75,000. Septemba 15 mwaka huohuo, mjini Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni, Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu kwenye Mashindano ya Dunia ya Riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, 2:09:48, na ikabidi picha ya mstarini iamue: Simbu mbele kwa sekunde 0.03. Zawadi ya dhahabu hiyo ni dola 70,000.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Kuwa wa pili Boston kunalipa kuliko kuwa wa kwanza duniani.

Ukimweleza mtu jambo hili kijiweni atakwambia wazungu hawana akili. Wanazo. Mbio za miji mikubwa ni biashara yenye wadhamini, haki za televisheni na maelfu ya watu wanaolipa kiingilio ili nao wakimbie. Mashindano ya dunia yanalipa kazi uliyofanya siku ile, basi. Mbio za miji zinalipa kazi hiyo, halafu juu yake zinalipa jina: mkimbiaji mkubwa hualikwa, na wakala wake hukaa mezani na waandaaji wakakubaliana malipo ya kualikwa hata kabla hajafunga kamba za viatu. Kiasi hicho hakitangazwi. Thamani kubwa ya dhahabu ya Tokyo iko humo. Dola 70,000 ni mwanzo tu. Kinachobaki kitategemea neno "bingwa wa dunia" litakalotangulia mbele ya jina Simbu kila wakala wake anapopiga simu.

Nalisema hili kwa sababu baada ya Tokyo mjadala wetu uliishia kwenye pongezi na zawadi. Nani kampa nini, nani kaahidi nini, kapokelewaje uwanja wa ndege. Wachache waliuliza swali la mfanyabiashara: jina hili sasa ni mali, je, nani analishika, na litazalisha nini kwa miaka mingapi?

Ukitoka Dodoma ukapita Bahi na Manyoni kuelekea Singida, unaikuta Ikungi kabla hujaingia mjini. Huko ndiko alikotoka Simbu. Ajira yake ni Jeshi la Wananchi, na mazoezi yake kwa miaka mingi yamekuwa Arusha, kwenye baridi na miinuko. Safari yake kwenye macho ya watu haikuanza Tokyo. Mwaka 2016 alikuwa wa tano kwenye Olimpiki ya Rio. Mwaka 2017 alishinda Mumbai, kisha akaleta shaba ya dunia kutoka London. Mwaka 2022 akachukua fedha kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Birmingham. Hebu jiulize kwa haki: mwezi mmoja kabla ya Tokyo, angekaa hapa Dodoma pale Nyerere Square saa kumi jioni na kikombe cha kahawa, wangapi wangemtambua? Mimi nadhani wasingefika wa kujaza benchi.

Tukitaka kulaumu uzalendo wetu tutakuwa tunakwepa hesabu. Jina la mwanamichezo au mwanamuziki linajengwa kwa kurudiwa, na kurudiwa kuna kalenda yake. Mkimbiaji wa marathoni wa kiwango cha juu hushindana mara mbili, pengine tatu kwa mwaka, maana mwili haukubali zaidi. Saa mbili na dakika kadhaa, halafu kimya cha miezi mitano. Mchezaji wa Ligi Kuu anaonekana kila wiki. Azam Media walisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kuonyesha ligi hiyo, na kampuni iliyoweka fedha kiasi hicho haiwezi kuacha siku ipite bila kumtaja mtu wa mpira. Kuna mechi, kuna uchambuzi wa mechi, kuna wanaochambua uchambuzi. Beki wa akiba wa Dodoma Jiji aliyecheza dakika 20 uwanja wa Jamhuri jioni anatajwa redioni asubuhi zaidi ya mara ambazo Simbu alitajwa mwaka mzima wa 2023.

Mwanamuziki ndiye mwenye kalenda nene kuliko wote. Wimbo wa dakika tatu unapigwa kwenye daladala, saluni, baa, harusini, kwenye simu ya kondakta na kwenye status za WhatsApp za watu ambao hata hawajui aliyeuimba ana sura gani. Ndiyo maana msanii anaweza kuwa maarufu kwa singo moja ndani ya wiki tatu, wakati mkimbiaji anahitaji miaka tisa na dhahabu ya dunia.

Tena kurudiwa si lazima kumfikie aliyefanya kazi. Sisi ni nchi ambayo msemaji wa klabu anajulikana kuliko beki wa kulia. Haji Manara alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2021, habari ile ilibebwa kama usajili wa mshambuliaji. Wapo wanaocheka jambo hili. Mimi naliona ni somo zuri kuliko semina yoyote ya kujitangaza. Hajafunga goli hata moja, ila kila siku ana la kusema, na la kusema ndilo redio inalotafuta. Beki wetu wa kulia, akimaliza mahojiano ya baada ya mechi, huwa amesema tunamshukuru Mungu, mchezo ulikuwa mgumu, tunajipanga kwa mechi ijayo. Mtangazaji atarudia nini hapo?

Aliyelielewa hili mapema kuliko wengi ni Diamond Platnumz. Watu hubishana kuhusu sauti yake. Mimi sauti naiacha kwa wanaoijua. Mwaka 2017 aliingiza sokoni karanga na manukato yenye majina yake, na wengi tulizichukulia karanga zile kama mzaha. Baadaye akawa na redio na televisheni za Wasafi. Maana yake ni moja: aliacha kuomba kurudiwa, akanunua mashine yenyewe. Kiki za mapenzi, kugombana na kupatana siku mbili kabla ya wimbo kutoka, hizo ni mafuta ya taa tu. Zinawaka haraka na kuzimika haraka, na msanii mchanga wa Nkuhungu anayeiga kiki bila kuwa na redio anaungua bure.

Kuna wakati kinachorudiwa si ushindi. Jirani yetu wa Mbulu, John Stephen Akhwari, alimaliza wa mwisho kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, giza limeingia, watu wengi wamekwishaondoka uwanjani. Walioanza walikuwa 75, waliofika 57, naye akiwa wa 57. Maneno yake kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza yamezunguka dunia. Miaka 40 baadaye, mwenge wa Olimpiki ya Beijing ulipopita Dar es Salaam, yeye alikuwa miongoni mwa waliokimbia nao. Mshindi wa siku ile Mexico alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Muulize mtu yeyote wa rika lako kama anamjua.

Kamera ilikuwepo, na kulikuwa na sentensi ya kubeba picha. Vitu hivyo viwili vilitosha kumpa Akhwari jina la kudumu. Havikutosha kumpa mapato ya kudumu, kwa sababu sentensi ile ilikuwa ya kila mtu: wahubiri, walimu wa semina na wauza bima duniani kote wameitumia bila kumlipa senti.

Sasa turudi Dodoma, kwenye muziki, maana huku ndiko mfano wenye nyama nyingi uliko.

Hukwe Zawose alizaliwa Ugogo mwaka 1938. Alipiga zeze na ilimba, yaani marimba ya vidole, na sauti yake ilikuwa na uwezo wa kupanda na kushuka kwa namna ambayo watu wa studio za Ulaya walikuwa hawajaisikia. Nani alimjenga? Wa kwanza ni dola. Mwalimu Nyerere alimsikia na kumwalika Dar es Salaam, enzi ambazo serikali ilikuwa inatafuta sauti ya taifa na ilikuwa tayari kuilipa mshahara. Kutoka hapo Bagamoyo, Chuo cha Sanaa, kufundisha na kuzunguka dunia. Wa pili ni lebo. Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ilimrekodi na kumweka kwenye majukwaa ya matamasha ya WOMAD, ambako Mgogo mwenye zeze alisimama mbele ya watu waliolipa tiketi kumwona yeye. Alifariki Desemba 2003 huko Bagamoyo.

Angalia njia ile: Dodoma, Dar es Salaam, Bagamoyo, Uingereza. Kila kituo kiliongeza thamani ya jina, na kila kituo kilikuwa mbali zaidi na mahali muziki wenyewe ulikotoka. Sisemi alikosea kuondoka. Angebaki kijijini angekuwa fundi anayeheshimika wa ngoma na dawa za asili, na dunia isingejua. Ninachosema ni kwamba hapa nyumbani hakukuwa na hata kituo kimoja katika hiyo njia. Hakukuwa na studio, jukwaa la kulipia wala kampuni ya kusambaza. Malighafi ilikuwa yetu, kiwanda kilikuwa kwingine.

Kuna ugumu mwingine ambao hausemwi sana. Muziki wa Wagogo ni wa kundi. Ukienda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo, ambalo limekuwa likifanyika pale tangu mwaka 2009, utakuta kinamama wa muheme na ngoma zao katikati ya miguu, wazee wa mazeze, waimbaji ambao sauti zao zinapishana na kukutana bila kiongozi wa wazi. Ukiuliza staa ni nani utaonekana mgeni. Kundi lina jina la kijiji chake. Soko la umaarufu, kwa upande wake, linataka uso mmoja: jina moja kwenye bango, akaunti moja mtandaoni, sahihi moja kwenye mkataba. Muziki bora kabisa wa mkoa huu umeundwa kwa namna ambayo soko halijui pa kuushika.

Zawose alilitatua hilo kwa ukoo. Jina likawa la familia: alipiga na mpwa wake Charles, na watoto na wajukuu wakakulia Bagamoyo ndani ya muziki uleule. Mwaka 2024 Real World walitoa albamu ya The Zawose Queens, yaani Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Kwa miaka mingi wanawake wa familia ile waliimba nyuma, wakaitikia, wakacheza. Sasa wako mbele, na wameingia sokoni wakiwa na kitu ambacho msanii mchanga wa hapa mjini hana: jina ambalo mnunuzi wa London amekwishalisikia. Huo ndio urithi wenye thamani. Nyumba hugawanywa na kuuzwa. Jina lililotunzwa vizuri kila mrithi anaweza kulitumia lote na lisipungue.

Ukitaka kuona mfano mwingine wa kutoka kundini, nenda kanisani. Rose Muhando alizaliwa mkoani Morogoro, lakini safari yake ya uimbaji ilianzia Dodoma, akifundisha kwaya ya Mtakatifu Maria Chimuli ya Kanisa la Anglikana. Mwaka 2005 alikuwa anabeba tuzo za muziki wa injili nchini, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 Sony Music wakamsainisha mkataba wa albamu kadhaa, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa kwa mwimbaji wa ukanda wetu. Baadaye maisha yake ya kazi yakahamia zaidi Kenya. Kwaya za Dodoma ni shule ya muziki isiyolipiwa ada: zinafundisha kushika sauti, kuongoza, kutunga, kusimama mbele ya watu elfu. Halafu mmoja anaondoka na kipaji chake, kama ilivyo haki yake, na kwaya inaanza upya na kidato cha kwanza. Sijawahi kusikia kwaya yenye makubaliano yoyote na mwimbaji wake kuhusu nyimbo zilizotungwa mle ndani. Wimbo ni wa nani? Mtunzi, kwaya, au usharika uliolipia studio? Swali hili huwa halina shida mpaka siku wimbo unapovuma.

Waliofanya kinyume, yaani kubeba mahali badala ya kupaacha, ni vijana wa Chamber Squad. Albert Mangweha, Mez B, Noorah na Dark Master waliingia kwenye Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakiwa na East Zoo mdomoni. Wakati ule kurap ukiwa umetoka mkoani kulikuwa ni kuomba radhi: vijana walifika Dar es Salaam na kujifanya wa Temeke au Sinza. Hawa waliingia na Dodoma yao, na watu wa Dar wakaanza kuulizia East Zoo iko wapi. Kwa upande wa kujenga jina, ilikuwa akili kubwa kuliko walivyosifiwa. Rapa wa Sinza walikuwa mia. Wa East Zoo walikuwa wale. Mangweha alifariki Afrika Kusini Mei 2013, na mazishi yake Morogoro yalijaza watu kwa namna ambayo hata viongozi wa kitaifa wengi hawapati. Mji huu una barabara mpya kila mwaka zinazosubiri majina. Sijaona moja yenye jina lake, ila labda bado wanatafuta kibao.

Soko la umaarufu hapa Dodoma lipo, tusidanganyane, ila mnunuzi wake ni mmoja. Mnunuzi huyo ni siasa. Bunge likikaa, mikutano mikuu ya chama tawala inapofanyika ukumbi wa Jakaya Kikwete, msimu wa kampeni unapoanza, wasanii wanashuka hapa kama wanaoitwa na filimbi. Tangu treni ya SGR ianze kufika mwaka 2024, msanii anaweza kutoka Dar es Salaam baada ya chakula cha mchana, akapanda jukwaani usiku, akarudi kesho asubuhi. Haachi kitu mjini zaidi ya bili ya hoteli.

Mnunuzi mmoja ana faida zake. Analipa kwa wakati, ana jukwaa, ana televisheni. Hata njia ya kwenda mjengoni imekwishapasuliwa na wanamuziki: Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, aliingia bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya Chadema, Profesa Jay akafuata 2015 Mikumi, na Mwana FA akashinda Muheza 2020 kwa tiketi ya CCM, kisha akawa naibu waziri. Hao walitumia majina waliyojenga kwa miaka kumi na zaidi ya muziki, wakayageuza kura. Ni biashara halali na waliifanya kwa macho wazi.

Tofautisha na uchawa. Chawa halisi hana jina la kugeuza; analikopa la mkubwa, na siku mkubwa akishuka, naye anashuka. Msanii anayepanda kila jukwaa la kampeni taratibu anahama kutoka kundi la kwanza kwenda la pili bila kujua. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 tuliona upande wa pili wa shilingi: watu mashuhuri kadhaa waliokuwa mstari wa mbele wa kampeni walikimbiwa na wafuasi mitandaoni kwa wingi ndani ya siku chache. Tuache ubishi wa nani alikuwa sahihi, maana wenye ubishi huo ni wengi. Kibiashara jambo ni wazi: aliyekuwa na wateja milioni moja wa pande zote aliuza nusu yao kwa malipo ya shoo kadhaa, na bei hiyo hakuipigia hesabu.

Hata mpira haukusalimika. Mwaka 2023 Rais Samia alianza kutoa Sh5 milioni kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika, baadaye dau likapanda. Wachezaji walifurahi, mashabiki tulifurahi, na Fiston Mayele wa Yanga akamaliza kinara wa mabao wa Kombe la Shirikisho. Lakini tazama lilivyoitwa: goli la Mama. Mguu ni wa Mayele, jina la goli ni la mtoa fedha. Hakuna ubaya ndani yake, ni udhamini kama ule wa benki kuweka jina lake kwenye ligi. Ila kijana anayejifunza soko hili aangalie ni jina lipi lililorudiwa kwenye kila redio asubuhi iliyofuata.

Tukiwa kwenye majina, Singida nao wana kichekesho chao. Singida United ilishuka daraja mwaka 2020. Timu ya DTB ikapanda 2022 na kugeuka Singida Big Stars, mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate, kisha ikabaki Fountain Gate na kuhamia Babati. Ihefu ya Mbeya nayo ikageuka Singida Black Stars mwaka 2024. Timu hii ya mwisho imefanya vizuri, imechukua Kombe la Kagame 2025, na pongezi zao. Lakini shabiki wa Singida mwenye jezi zote hizo kabatini ana makumbusho. Mchezaji anayetaka kujenga jina akiwa kwenye klabu inayobadili lake kila msimu anajenga juu ya gari linalotembea.

Nimeliacha la makaratasi makusudi mpaka hapa, kwa sababu linachosha, na kwa kuwa linachosha ndiko fedha zinakopotelea.

Mwana FA na AY waliishtaki kampuni ya simu ya Tigo kwa kutumia nyimbo zao mbili kama miito ya simu bila ridhaa yao. Kesi ilianza 2012. Mwaka 2016 mahakama iliwapa ushindi wa zaidi ya Sh2 bilioni, na rufaa zikafuata. Linganisha na mgawo wa mirabaha wa Januari 2022, wakati Cosota, ofisi ya hakimiliki, ilipogawa takriban Sh312 milioni kwa wasanii zaidi ya elfu moja kwa ajili ya kazi zilizopigwa redioni na kwenye televisheni. Wasanii wawili wenye karatasi zilizokaa sawa waliandikiwa na mahakama karibu mara saba ya walichogawana elfu moja. Mgawo ule ulikuwa wa mwanzo na kila mfumo huanza kidogo, nakubali. Bado nambari hizo mbili zikikaa pamoja zinaonyesha tofauti ya msanii mwenye wakili na msanii mwenye matumaini.

Upande mwingine wa karatasi ni kutoka. Harmonize alipoondoka WCB, lebo ya Diamond, mwaka 2019 alisema hadharani kwamba alitakiwa kulipa Sh500 milioni, na kwamba aliuza nyumba ili azipate. Mashabiki waligawanyika: wengine waliita unyonyaji, wengine walisema lebo ilikuwa imewekeza. Mimi sina upande hapo. Mkataba uliosainiwa ukiwa huna jina hupangwa na mwenye jina, na hilo litakuwa hivyo daima. Kinachowezekana ni kujua bei ya mlango wa kutokea kabla ya kuingia. Jina la biashara au alama vinasajiliwa Brela, wakala wa usajili wa biashara, na huhitaji kuwa maarufu ili usajili. Kwa kweli ni vizuri ufanye hivyo kabla ya kuwa maarufu, maana baadaye utakuta kuna mtu wa Kariakoo ameshauza fulana zako.

Upande wa riadha wa makaratasi uko nyuma zaidi. Mkimbiaji wetu mara nyingi ana wakala wa nje anayemtafutia mbio, na kazi hiyo wanaiweza. Hana mtu wa ndani anayemtafutia matangazo, anayepanga mahojiano katika ile miezi mitano ya kimya. Multichoice kupitia DStv walimdhamini Simbu mapema, enzi za shaba ya London, na wanastahili sifa kwa jicho lile. Ni wangapi waliowafuata? Kampuni zetu hudhamini tukio: bango, fulana, mgeni rasmi, hundi kubwa ya karatasi ngumu. Mbio za NBC Dodoma Marathon ni mfano mzuri wa tukio lililofanikiwa. Zinakusanya fedha za mapambano ya saratani ya mlango wa kizazi na zinajaza hoteli za mji. Watumishi wa Mtumba, mji wa serikali, wanakimbia kilomita tano na kupiga picha mwaka mzima. Lakini mji ambao maelfu wako tayari kulipia fulana ya mbio ni mji wenye soko la mkimbiaji, si la mbio peke yake. Viatu, mafunzo ya wanaoanza, kambi za likizo za watoto, maji ya kunywa yenye sura yake. Bingwa wa dunia ametoka mkoa wa jirani, na mteja yuko hapa Area D anapaka dawa kwenye magoti.

Mfano wa kuigwa nao ni wa hapa nchini. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch, Februari 1974, kwa dakika 3:32.2. Sebastian Coe aliivunja mwaka 1979. Kwa kawaida hapo ndipo jina la mkimbiaji huanza kufifia. Bayi akafungua shule, zikaitwa Filbert Bayi, na leo Kibaha kuna watoto wanaolitaja jina hilo kila asubuhi ingawa hawajawahi kuiona mbio ile. Ameingia kwenye kalenda ya kila siku kwa mlango ambao hauhitaji redio.

Simbu alishinda Tokyo akiwa na miaka 33. Kwa marathoni huo si uzee. Eliud Kipchoge alivunja rekodi ya dunia Berlin akiwa na 37. Tuseme ana misimu minne mizuri, yaani mbio nane, pengine tisa, za kuitwa bingwa kwenye kipaza sauti kabla ya mlio wa kuanzia. Wenye kampuni za Dodoma na Singida wanaotaka kumpata kwa bei ya sasa wana muda huo. Kamati ya riadha ya mkoa inayotaka mbio za Ikungi zenye jina lake inao huohuo, na akistaafu kabla hazijaanzishwa, waandaaji wa Arusha watakuwa wameshamaliza kuchapa mabango.